Ndege Imetua, Wewe Je?

NENO LA JUMAPILI
Mfululizo: Imani Kazini. Leo: Marubani na wote wanaofanya kazi za zamu
Andiko: Marko 6:30-46. Soma pia: 1 Wafalme 19:3-8 na 1 Samweli 30:21-25



Wapendwa, tunaendelea na mafundisho yetu kuhusu imani kazini. Tumeshazungumza na walimu, tumezungumza na wenye biashara, na leo tumefika uwanja wa ndege. Sasa mtu asiseme, "Mchungaji, mimi ndege naiona tu ikipita juu ya paa, hilo neno si langu." Kaa, usitoke. Kama wewe ni muuguzi wa zamu ya usiku, kama ni askari wa lindo, kama unaendesha lori kutoka Mombasa hadi Malaba, kama unafungua kibanda saa kumi na moja alfajiri, neno hili litakufikia hapo ulipoketi. Mwambie jirani yako, "Litatufikia."

Lakini tunaanza na rubani, kwa sababu tunao kati yetu. Na tuseme ukweli, sisi tumezoea kuwaonea wivu kuliko kuwaombea. Tukimwona ndugu na sare yake na ile mikanda minne begani, tunasema, "Huyu ameshafika." Hatuulizi kama amelala. Hatuulizi kama mtoto wake bado anamfahamu.

Kiswahili chetu kina neno zuri sana, *kutua*. Ndege hutua uwanjani. Mama aliyetoka kuteka maji hutua mtungi wake. Mpagazi hutua mzigo. Na ndugu ya neno hilo ni *kutulia*. Sasa nakuuliza swali la leo: ndege imetua, wewe je? Magurudumu yamegusa chini, abiria wamepiga makofi, wamechukua mizigo yao wamekwenda. Lakini wewe, ndani yako, umetua? Ama mwili uko nyumbani na moyo bado uko angani?

Yesu alisikiliza ripoti, halafu akasema tosha

Tazama andiko letu. Mitume walikuwa wametumwa wawili wawili, wamezunguka vijijini, wametoa pepo, wamepaka wagonjwa mafuta. Katika mstari wa 30 wanarudi, wana ripoti nzuri. Kila mtu ana ushuhuda. Kama ingekuwa ni sisi tungesema, "Haleluya, moto umewaka! Kesho tena! Wiki ijayo mkesha!" Lakini Yesu hakuwapa safari nyingine. Alitazama akaona watu wanaingia na kutoka, na wanafunzi wake hawakupata hata nafasi ya kula. Akawaita kando, mahali pasipo na watu, wapumzike kidogo.

Ona jambo hili. Hawakuomba ofu. Yeye ndiye aliyeona. Na kazi waliyokuwa wakifanya haikuwa mbaya, ilikuwa kazi ya Mungu kabisa! Kama watu waliokuwa wakiponya wagonjwa waliambiwa wapumzike, wewe unayesafirisha watu kwenda Kisumu na Johannesburg unadhani umesamehewa?

Uchovu si dhambi, hatari ni kuuficha

Nataka mwelewe kazi hii kidogo ndipo muweze kuiombea.

Kule Marekani na Ulaya, sheria inasema rubani wa ndege za abiria asirushe ndege zaidi ya saa 100 ndani ya siku 28. Hapa kwetu pia ziko kanuni, na msimamizi ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Mtu akisikia saa 100 anacheka. "Saa mia kwa mwezi? Mimi nafanya hizo kwa siku kumi!" Ngoja kwanza. Hizo ni saa za ndege kuwa safarini tu. Kuamka saa tisa usiku haihesabiwi humo. Kupita barabara ya Mombasa haihesabiwi. Kupanga safari, kukagua hali ya hewa na mafuta, kungoja ndege iliyochelewa, kulala ugenini mbali na mke wako, siku za kukaa na simu mkononi ukisubiri kuitwa, zote haziko ndani ya ile mia.

Na mwili una saa yake. Kati ya saa nane usiku na saa kumi na mbili asubuhi, mwili wa binadamu unadai usingizi, upende usipende. Sasa chukua safari ya moja kwa moja ya Nairobi hadi New York, ambayo Kenya Airways ilianza Oktoba 2018. Kwenda ni kama saa 15. Ndege moja, marubani wanne, wanapokezana, wawili wakiwa kazini wengine wanajaribu kulala kwenye kijumba kidogo ndani ya ndege. Ukifika, saa ya ukutani iko nyuma ya saa ya Nairobi kwa saa saba au nane. Mwili unasema ni jioni, dirisha linasema ni asubuhi. Kabla mwili haujazoea, unarudi. Siku unayofika nyumbani watoto wanataka kucheza na wewe unaona kama sakafu inayumba.

Tarehe 12 Februari 2009, ndege ndogo ya abiria ilianguka karibu na mji wa Buffalo kule Marekani. Watu 49 waliokuwa ndani walikufa wote, na mtu mmoja aliyekuwa nyumbani kwake chini naye akafa. Wachunguzi walisema chanzo ni jinsi nahodha alivyoitikia onyo la ndege, alivuta pale alipotakiwa kusukuma. Lakini walipofuatilia saa zilizotangulia, walikuta marubani wote wawili walikuwa wamechoka. Rubani msaidizi alikuwa amesafiri usiku kucha kutoka upande mwingine wa nchi ndipo aje kazini. Nahodha alikuwa amelala kwenye chumba cha wafanyakazi pale uwanjani. Familia za waliokufa hazikunyamaza. Walikwenda bungeni mara kwa mara na picha za wapendwa wao, mpaka sheria ikabadilika. Tangu Januari 2014, rubani wa abiria kule lazima apate mapumziko ya saa 10 kabla ya zamu, na ndani yake nafasi ya kulala saa nane. Na kabla ya safari ni lazima athibitishe mwenyewe kwamba yuko sawa kurusha ndege.

Sikieni hapo, wapendwa. Lazima athibitishe. Na kama hayuko sawa, sheria inamtaka aseme, "Leo siwezi."

Sasa nauliza kanisa: wewe ungeweza kuthibitisha? Kabla hujapanda madhabahuni kuongoza sifa, kabla hujaketi na kijana wako kumwonya, kabla hujashika usukani wa matatu, ungeweza kusema mbele za Mungu kwamba uko sawa? Ama tumefundishana kwamba mtu wa imani hachoki, akisema amechoka ni shetani?

Nenda 1 Wafalme 19. Eliya ametoka kuushusha moto Karmeli, siku chache baadaye yuko jangwani chini ya mti anamwomba Mungu amtoe roho. Nabii huyo! Mungu alifanya nini? Hakumkemea. Hakumwambia afunge siku tatu. Alimwacha alale. Malaika akaja na mkate na maji, akamwamsha ale. Akalala tena. Malaika akaja mara ya pili, akamlisha tena, akamwambia safari iliyo mbele ni ndefu. Ni baada ya usingizi mara mbili na chakula mara mbili ndipo Mungu akazungumza naye mambo ya huduma. Kuna watu hapa mnahitaji kuombewa, na tutawaombea. Na kuna watu hapa mnahitaji kulala. Semeni Amina!

Aliyebaki na mizigo ana fungu lake

Ndugu mmoja rubani pamoja na mke wake wameniruhusu nieleze habari yao, bila majina, ili wengine wasaidike.

Dada huyu alikuja kuniona. Nilidhani atalalamika kwamba mume hayuko. Akaniambia, "Mchungaji, mimi sina shida na ndege, niliolewa nikijua. Shida yangu ni kwamba hata akirudi, hajarudi."

Ndugu akipata siku tatu za ofu, siku ya kwanza ni ya mkutano wa shamba walilonunua na wenzake. Jioni, mazoezi ya kwaya. Siku ya pili, mkutano wa wanaume, halafu harambee kwao, kwa sababu Kapteni asipokuja watu watasema ana maringo. Siku ya tatu analala mchana kutwa na hakuna anayethubutu kufungua redio. Usiku ule sare inapigwa pasi. Halafu dada akaniambia neno ambalo lilinikata. Mtoto wao wa miaka minne, akisikia lango linafunguka, anamuuliza, "Mama, leo Baba analala kwetu?"

*Kwetu.* Kana kwamba Baba ana kwake kwingine.

Angalia 1 Samweli 30. Daudi na watu wake mia sita wanafuatilia maadui waliochoma Siklagi. Mia mbili wakashindwa njiani, wakabaki kijitoni wakilinda mizigo. Waliokwenda vitani walipopata ushindi, baadhi wakasema wale waliobaki wasipewe nyara, wachukue tu wake na watoto wao waende. Daudi akakataa. Akaweka kanuni katika Israeli: anayeshuka vitani na anayekaa na mizigo watagawana sawa.

Wewe unayerusha ndege, kuna mtu amebaki na mizigo. Homa ya usiku, karatasi za shule, fundi wa maji, mama mkwe aliyelazwa, yote ameshika yeye. Fungu lake liko wapi? Si pesa tu. Kama wewe una siku za ofu, naye awe na siku ya ofu. Ukirudi, ukishalala vizuri, mwambie, "Mama watoto, leo nenda unakotaka, watoto ni wangu." Na pale ambapo rubani ni mama, kanuni ni ileile, baba ndiye atakayelinda mizigo bila kununa. Kenya imemtoa Kapteni Irene Koki Mutungi, mwanamke wa kwanza wa Afrika kuwa nahodha wa ile ndege kubwa ya Dreamliner. Mabinti zetu wanamtazama. Basi na vijana wetu wajifunze kukaa na mizigo.

Na wewe uliye mbali hotelini, usidanganyike kwamba chumba kile hakina macho. Yusufu alijaribiwa akiwa mbali na kwao, hakuna ndugu wa kumwona. Danieli naye alikuwa ugenini, lakini alikuwa na saa zake za maombi na dirisha lililoelekea Yerusalemu. Tafuta dirisha lako. Familia hii niliyowaambia wanaomba saa mbili usiku, saa ya Nairobi. Baba akiwa New York hiyo ni saa sita au saa saba mchana kule, na simu inalia. Hawaongei mengi. Mtoto anaomba, Baba anasema Amina. Lakini siku ile hakuna mtu wa nyumba ile aliyelala peke yake.

Bustani pia ni ya Mungu

Hapa wengine mtanitazama vibaya. Je, mtu aliyeokoka anaruhusiwa kuwa na kitu anachofanya kwa kukipenda tu? Si kazi, si huduma, hakilipi.

Mwanzo 2 inasema Mungu mwenyewe alipanda bustani, na miti yake haikuwa ya kuliwa tu, ilipendeza macho pia. Mungu alifikiria macho yako! Basi kama unapenda kupanda milima ya Ngong, panda. Kama ni gitaa, piga. Kama ni mpira na vijana wa mtaa Jumamosi, vaa viatu ukacheze. Kwa rubani kuna mambo ya kuangalia. Ukipenda kuzamia baharini Watamu, kwa mfano, huwezi kutoka majini ukaingia kwenye ndege saa hiyohiyo, unaweza kulazimika kungoja hadi saa 24. Kwa hiyo chagua kitu kinachoelewana na rosta yako, na kisiwe kitu cha kukukimbiza tena kutoka nyumbani. Kuna mtu anarudi safari ya siku tano, halafu anatoka kwenda gofu kutwa. Huyo hajatua, amebadilisha uwanja tu.

Yule ndugu alianza na nyanya. Matuta mawili nyuma ya nyumba, nyanya na dania. Alidhani atashindwa, kwa sababu nyanya hazijui rosta, zinataka maji kila siku. Ndipo mtoto akapewa kikopo. Baba akiwa safarini, mtoto anamwagilia. Baba akirudi wanachuchumaa pamoja wanaangalia kipi kimeota. Nyanya zenyewe, nyingi zililiwa na wadudu. Lakini sasa Baba na mtoto wana jambo la kuongea.

Pumziko likiibwa, lirudishe

Mtu ataniambia, "Mchungaji, unasema vizuri, lakini simu ikilia saa tisa usiku, ratiba yako yote imekwisha." Ni kweli. Rudi kwa Marko. Wanafunzi walipanda mashua waende wakapumzike. Watu wakawaona, wakakimbia kwa miguu, wakafika mbele yao! Mapumziko yamevunjwa kabla hayajaanza. Yesu akawahurumia watu, kwa maana walikuwa kama kondoo wasio na mchungaji, akafundisha, akalisha elfu tano.

Wengi tunaishia hapo kwenye mkate na samaki. Soma mpaka mstari wa 45 na 46. Mara tu watu waliposhiba, Yesu aliwapandisha wanafunzi mashuani, yeye mwenyewe akawaaga watu, akapanda mlimani kuomba. Ameona? Pumziko liliibwa asubuhi, jioni akalirudisha. Hakusema, "Basi, wiki hii imeshaharibika." Aliwaaga watu. Kuaga watu ni huduma pia! Kuna mikutano unatakiwa kuiaga.

Ile familia, rosta ya mwezi ikitoka, wanaketi mezani siku hiyohiyo na kalenda. Siku ya kwanza ya kurudi ni ya usingizi, hakuna mtu anayeipanga. Siku ya pili ni ya nyumbani. Inayobaki ndiyo ya watu wengine. Mtoto anapaka rangi ya kijani siku ambazo Baba analala kwao, kalenda inabandikwa kwenye friji. Zamu ikibadilika ghafla, siku ya kijani haifutwi, inahamishwa. Je, mambo yote yamekwisha? Hapana. Muhula uliopita Baba alikosa siku ya maombi shuleni, mtoto akalia. Lakini hamuulizi tena mama yake lile swali. Anakwenda kwenye friji anahesabu mwenyewe.

Neno kwa kanisa

Nitamalizia kwetu sisi. Tusiwe ule umati unaokimbia kuwahi ng'ambo. Mshirika akitoka safari usiku, asipigiwe simu asubuhi kuulizwa mchango wa hema. Akikosa Jumapili kwa sababu ya zamu, msimweke kwenye orodha ya waliorudi nyuma. Waebrania 10:25 inatukataza kuacha kukusanyika, nami ninaihubiri, lakini ushirika wa nyumbani unaweza kuketi Jumanne kwa ajili ya ndugu mmoja. Na wewe rubani, Jumapili ikikupita, usiache wiki nayo ikupite. Tenga siku yako, Jumatano au Alhamisi, umpe Bwana na nyumba yako.

Mungu anayelinda Israeli hasinzii, Zaburi 121 inatuhakikishia hilo. Kwa kuwa Yeye yuko macho, wewe unaweza kulala. Kulala ni kukiri kwamba dunia ina mwenyewe, na mwenyewe si wewe. Rubani akiingia kwenye kijumba kile juu ya bahari, akafunga macho, anawaamini wenzake wawili walioko mbele. Je, huwezi kumwamini Mungu kwa usiku mmoja na simu yako ikiwa imezimwa?

Ndege imetua. Tua mzigo. Tulia. Nyumbani wanakungoja.

Tuombe

Baba katika jina la Yesu, tunawaleta kwako marubani, wahudumu wa ndege, mafundi na waongozaji wa ndege, na wote wanaofanya kazi wakati wengine wamelala. Walinde angani, walinde hotelini, walinde barabarani wakirudi. Wape ujasiri wa kusema "nimechoka" kabla hatari haijafika. Wakumbuke waliobaki na mizigo, uwape fungu lao. Rudisha baba na mama nyumbani, si mwili tu bali na moyo. Amina.

Maswali ya ushirika wa nyumbani

1. Katika nyumba yako, nani amebaki na mizigo? Wiki hii utampa fungu gani?
2. Ni mkutano au jambo gani unatakiwa kuliaga ili upate siku moja ya nyumbani?
3. Soma 1 Wafalme 19:3-8. Kwa nini Mungu alimlisha na kumlaza Eliya kabla ya kuzungumza naye?
4. Taja mshirika mmoja anayefanya kazi ya zamu. Ushirika wenu utabadilisha nini kwa ajili yake mwezi huu?